Nyayo Zenye Vumbi Mbele ya Altare

Msikilizaji wangu, leo nakuomba tufuatane hadi Roma, ila tusianzie kwenye makuba wala kwenye dhahabu. Tuanzie chini, kwenye nyayo za mtu.

Karibu na uwanja wa Piazza Navona kuna kanisa la Mtakatifu Augustino, wenyewe huliita Sant'Agostino. Ukishaingia, kikanisa cha kwanza mkono wa kushoto huwa na giza. Pembeni pana kisanduku. Unatumbukiza sarafu, taa inawaka kwa muda mfupi, na hapo ndipo unapoiona picha. Bikira Maria amesimama mlangoni pa nyumba ambayo lipu yake imebanduka hadi matofali yanaonekana. Amempakata Mtoto, na mtoto mwenyewe amekwisha kuwa mzito, wa kulemea mkono. Mama ameegemea mlango, miguu mitupu, kama mama yeyote aliyetoka kuitikia hodi. Waliobisha hodi ni mahujaji wawili, mwanamume na bibi mzee, wamepiga magoti na fimbo zao za safari. Kitambaa cha kichwani cha yule bibi kimechakaa na kuchanika. Na mwanamume, kwa kuwa ametupa mgongo, nyayo zake zinatutazama sisi.

Nyayo zile ni chafu, msikilizaji. Vumbi limeingia kwenye mikunjo ya ngozi. Ni miguu iliyotembea siku nyingi bila kiatu. Na picha ile haikuchorwa kwa ajili ya ukumbi wa tajiri. Iko juu ya altare, kwa hiyo nyayo zile ziko karibu kabisa na mahali padri anapoinua hostia.

Aliyeichora ni Michelangelo Merisi, anayejulikana zaidi kwa jina la Caravaggio, kati ya mwaka 1604 na 1606. Mchoraji mwenzake, Giovanni Baglione, ambaye hakupatana naye na aliwahi kumshtaki kwa kumkashifu, aliandika baadaye kwamba picha ilipofunuliwa watu wa kawaida walizua makelele makubwa juu yake. Baglione aliandika hivyo kwa kudharau. Mimi kila nikilisoma neno lake naona jambo jingine: waliopiga kelele ni watu waliokuwa na miguu kama ile. Katika mwaka wa Jubilei wa 1600, mahujaji walimiminika Roma kwa malaki, na mjini mlikuwa na chama cha waumini, kilichoasisiwa na Filippo Neri, ambacho kazi yake ilikuwa kuwapokea mahujaji, kuwalisha na kuwaosha miguu. Kwa mtu wa Roma wa siku zile, unyayo wenye vumbi ulikuwa kitu alichokishika kwa mikono yake.

Sanaa hii tunayoiita ya Baroko, iliyotawala Ulaya ya Kikatoliki tangu mwishoni mwa karne ya 16 hadi katikati ya karne ya 18, ilikuwa na kazi ya kushawishi. Ilikusudia utokwe na chozi, na ilijua chozi hilo litakupeleka wapi. Wapo wanaoihukumu kwa sababu hiyo, wakasema ni ulaghai mtupu. Sikubaliani nao. Chozi lililoandaliwa halilazimiki kuwa chozi la uongo. Mama aliyeamka alfajiri kumpikia mgeni hamdanganyi mgeni wake. Ninachouliza mimi ni hiki: msanii anakugusa kwa kukusogelea, au kwa kukulemea? Nimeitazama sanaa hii kwa miaka mingi sasa, katika vitabu na kwa macho yangu, na nimezoea kulitafuta jibu kwenye miguu.

Tukumbuke kwanza hali ilivyokuwa. Martin Luther alitoa hoja zake za kulikosoa Kanisa Katoliki mwaka 1517, na moto ukasambaa. Mwaka 1524, mjini Zürich, picha na sanamu ziliondolewa makanisani kwa amri ya baraza la mji. Mwaka 1566, katika nchi ambazo leo ni Ubelgiji na Uholanzi, watu waliingia makanisani na nyundo na mashoka, wakavunja walichokikuta. Tusiwadharau. Aliyeshika nyundo alikuwa na andiko mkononi, lile linalokataza sanamu za kuchonga, na wengi wanaonisikiliza jioni hii, Waislamu na Wakristo wa madhehebu mbalimbali, wanalielewa andiko hilo bila kuelezwa na mtu.

Kanisa Katoliki lilijibu katika Mtaguso wa Trento, ulioanza mwaka 1545 ukafungwa Desemba 1563. Agizo kuhusu picha lilipitishwa katika kikao cha mwisho kabisa, na ni fupi. Picha haina uungu ndani yake. Heshima anayoitoa mtu mbele ya picha inamwendea yule anayeonyeshwa. Na maaskofu wahakikishe kwamba kwa njia ya picha watu wanafundishwa, na mioyo yao inaamshwa kumwabudu na kumpenda Mungu. Kufundisha peke yake kungeweza kutimizwa na mchoro wowote ulio wazi. Lakini kuamsha moyo ni kazi nyingine, na mafundi wa Ulaya waliitumikia kazi hiyo kwa muda wa karne nzima na zaidi.

Gabriele Paleotti, kadinali wa Bologna, aliandika kitabu kizima juu ya picha takatifu mwaka 1582. Kwake mchoraji ni ndugu wa mhubiri: wote wawili wanatakiwa kufundisha, kufurahisha na kugusa. Kusimuliwa mateso ya shahidi, anasema, kunatuchoma. Lakini kumwona kwa macho, kwa rangi zilizo hai, kunatuchoma zaidi, na asiyeguswa basi ni gogo au jiwe. Na Ignatius wa Loyola, yule mwanajeshi aliyevunjwa mguu kwa risasi ya mzinga huko Pamplona mwaka 1521, akaja kuanzisha shirika la watawa la Wajesuiti, alikwisha kuwafundisha watu kusali kwa njia hiyohiyo. Katika Mazoezi yake ya Kiroho, yaliyochapishwa mwaka 1548, hakuambii ufikirie tu kuzaliwa kwa Yesu. Anakuambia uione barabara ya kutoka Nazareti kwenda Bethlehemu: ni ndefu kiasi gani, ni tambarare au ina mabonde na milima? Lile pango ni kubwa au dogo, dari yake iko juu au chini? Ukitafakari jehanamu, unatakiwa usikie vilio na unuse moshi wa salfa. Mtu aliyesali hivyo kwa mwezi mzima, akiingia kanisani na kukuta picha, anaitazama kama anayerudi mahali alipokwisha kufika.

Jambo hili haliko mbali na sisi. Njia ya Msalaba tunayoiadhimisha kila Ijumaa ya Kwaresima ililelewa na Wafransisko, na idadi ya vituo vyake, 14, iliwekwa rasmi na Papa Clement XII mwaka 1731, Baroko ikiwa bado inapumua. Ijumaa Kuu moja nilisimama karibu na mama mmoja katika parokia ya mtaani kwetu. Picha za vituo zilikuwa za karatasi, zimefifia kwa jua, ndani ya fremu za mbao. Tulipofika kituo cha nne, Yesu anapokutana na Mama yake, yule mama alivuta pindo la kanga akajifuta macho, kisha akaendelea kuimba na wenzake. Hakuhitaji mtu wa kumweleza historia ya sanaa. Alikuwa anatembea na miguu yake kutoka kituo hadi kituo, ukuta hadi ukuta, na mwili ulipotembea moyo ukafuata. Ignatius angemwelewa.

Turudi Roma, maana hata ndani ya Kanisa lenyewe hawakukubaliana hisia ishuke hadi wapi. Hatua chache kutoka Sant'Agostino kuna kanisa la Wafaransa, San Luigi dei Francesi. Huko Caravaggio aliagizwa mwaka 1602 amchore Mathayo akiandika Injili. Akachora mzee mwenye mwili wa mkulima, kipara, amekunja nne, macho yamemtoka kwa mshangao, malaika amemshika mkono na kumwongoza kama mtoto wa darasa la kwanza anayefundishwa herufi. Unyayo wake ulijitokeza mbele, ukaelekea kwa waumini. Bellori, aliyeandika maisha ya wachoraji mwaka 1672, anasema mapadri waliikataa: mtume gani anakaa hivi, miguu nje? Caravaggio akachora nyingine yenye heshima zaidi, na hiyo ndiyo iliyoko kanisani hadi leo. Ile ya kwanza ilichukuliwa na tajiri mmoja mpenzi wa sanaa, Vincenzo Giustiniani, ikaja kufika Berlin, na huko iliteketea kwa moto mwaka 1945. Zimebaki picha za kamera zisizo na rangi. Mimi naililia picha ile kuliko nyingi zilizosalimika. Mathayo yule alikuwa mtu ambaye Neno lilimkuta hajui kuandika.

Sasa Hispania, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ushawishi uliandikwa kwenye karatasi, ukatiwa sahihi. Mwaka 1603, mjini Sevilla, mchongaji Juan Martínez Montañés alifanya mkataba wa kuchonga Kristo msalabani kwa ajili ya Mateo Vázquez de Leca, kiongozi wa kanisa mjini humo. Mkataba ulitaja alichokitaka mteja: Kristo awe bado hai, kabla ya kukata roho, kichwa amekiinamisha upande wa kuume, anamtazama mtu yeyote atakayekuwa anasali miguuni pake, kana kwamba anazungumza naye na kumwambia kuwa ni kwa ajili yake anateseka. Hebu litafakari hilo, msikilizaji. Fundi anaagizwa kuchonga mtazamo. Anatakiwa apime pembe ya shingo na mshuko wa kope ili macho ya mti yakutane na macho ya mtu aliyepiga magoti. Usipopiga magoti, hakutazami.

Na mafundi wale walikuwa mafundi kwelikweli. Mti ulichongwa, ukapakwa tabaka juu ya tabaka za jasi iliyochanganywa na gundi, ukasuguliwa hadi ukawa laini, halafu ukapakwa rangi ya ngozi. Kwa sheria za vyama vya mafundi, mchongaji hakuruhusiwa kupaka rangi. Hiyo ilikuwa kazi ya mchoraji. Kristo wa Montañés alipakwa rangi na Francisco Pacheco, ambaye baadaye alimfundisha mchoraji Velázquez na kumwoza binti yake. Kule Valladolid, Gregorio Fernández alichonga Kristo aliyelazwa baada ya kufa: macho ya kioo, meno ya pembe za ndovu, kucha za pembe ya ng'ombe. Wengine walibandika machozi ya kioo mashavuni, na magome ya mti kwenye vidonda ili damu ionekane imeganda. Sanamu za namna hiyo bado zinabebwa mabegani mitaani kila Juma Kuu, na mtu aliye kando ya njia huona miguu kwanza, kwa kuwa miguu ndiyo inayopita karibu na uso wake.

Kuna wanaosema hayo yamepita kiasi. Mimi naona heshima ndani yake. Mtu aliyekaa na patasi siku nzima kutengeneza ukucha wa kidole cha mguu hakuwa na haraka ya kumdanganya mtu yeyote.

Bernini ni jambo jingine, na nakiri nilichelewa kumkubali. Gian Lorenzo Bernini alikuwa mchongaji, msanifu wa majengo na mtunga michezo ya jukwaani, na katika kanisa la Santa Maria della Vittoria alivitumia vipaji vyote kwa pamoja. Kati ya mwaka 1647 na 1652 alimtengenezea Kadinali Federico Cornaro kikanisa chenye Mtakatifu Teresa wa Avila, yule mtawa wa Hispania aliyesimulia jinsi malaika alivyomchoma moyo kwa mkuki wa dhahabu wenye moto nchani, maumivu makali na matamu hata hakutaka yaishe. Bernini amemlaza juu ya wingu la marumaru, kinywa wazi kidogo, macho yamefumba, joho limekunjamana kama bahari iliyochafuka. Nuru inashuka juu yake kwa miali ya shaba iliyopakwa dhahabu, na huioni inatoka wapi, kwa maana dirisha limefichwa juu nyuma ya nguzo. Kwenye kuta za pembeni wamo watu wa ukoo wa Cornaro, wamechongwa kama walioketi kwenye viti vya heshima vya ukumbi wa michezo, wanajadiliana.

Tangu karne ya 18 wapo waliomwangalia Teresa yule wakaona tamaa ya mwili tu. Teresa mwenyewe aliandika kwamba maumivu yale yalikuwa ya roho, ingawa mwili nao ulipata sehemu yake, na si ndogo. Bernini aliyachukua maneno yake kama yalivyo. Lakini kilichonigeuza mimi ni mguu. Kutoka kwenye mikunjo ile yote ya joho unaning'inia mguu mmoja mtupu, umelegea, haugusi kitu. Teresa aliasisi tawi la Wakarmeli Peku, watawa walioacha viatu kama alama ya ufukara. Mguu ule ulikuwa umesafiri huku na huko Hispania kufungua nyumba za watawa, juu ya mawe na tope. Sasa umepumzika hewani. Katika onyesho lote lile la dhahabu na nuru ya kufichwa, Bernini alikumbuka kuuacha mguu wa mwanamke aliyechoka.

Halafu iko sanaa inayokulemea. Katika kanisa la Sant'Ignazio, Andrea Pozzo, Mjesuiti, alichora dari iliyokamilika mwaka 1694. Ni kazi ya hesabu ya ajabu: nguzo zilizochorwa zinaendeleza nguzo za kweli, paa linafunguka, na Ignatius anapaa mbinguni katikati ya malaika. Sakafuni limewekwa jiwe la duara kuonyesha mahali pa kusimama. Ukisimama pale, mbingu imefunguka. Ukisogea hatua kadhaa, nguzo zinaanza kulala upande, kama nyumba inayoanguka. Nuru inatoka kwa Kristo, inamfikia Ignatius, na kutoka kwake inagawanyika kuelekea mabara manne. Afrika imo. Ni mwanamke mweusi juu ya mamba.

Nilipomtazama mwanamke yule shingo iliniuma, na sikusikia kuitwa na mtu. Bara zima limepewa umbo moja na mnyama mmoja, na kazi yake katika picha ni kupokea. Sisemi Pozzo alikuwa na chuki. Alitumia alama zilizokuwa zimeenea katika vitabu vya wakati wake. Ila ushawishi wa dari ile unataka mtazamaji asimame mahali pamoja na dunia ionekane kwa jicho moja, na mimi sikuipata nafasi ya miguu yangu.

Roma hiyohiyo iliweza kutenda tofauti. Mwezi Januari mwaka 1608 aliingia mjini Antonio Manuel Ne Vunda, balozi wa Álvaro wa Pili, mfalme wa Kongo, ule ufalme wa upande wa Atlantiki. Safari yake ilikuwa imechukua miaka, na alifika mgonjwa. Papa Paulo wa Tano alimtembelea kitandani. Baada ya siku chache tu balozi akafariki. Akazikwa katika kanisa la Santa Maria Maggiore, na Francesco Caporale akamchonga kwa jiwe jeusi, mavazi yake kwa mawe ya rangi nyingine. Uso ule ni wa mtu mmoja, mwenye jina, aliyetoka mbali akachoka njiani.

Nimebakiza picha moja. Mwaka 1601 mwanasheria Laerzio Cherubini alimwagiza Caravaggio picha ya kifo cha Bikira Maria kwa ajili ya kanisa la Wakarmeli mtaani Trastevere. Picha za kifo hicho zilikuwa na desturi yake: Maria amelala kama aliyesinzia, mbingu iko karibu, malaika wanamngoja. Caravaggio alichora maiti. Mwanamke mwenye gauni jekundu, tumbo limevimba, mkono umening'inia, na mwisho wa kitanda miguu mitupu, imevimba, hakuna aliyeifunika. Wakarmeli wakaikataa. Wengine walisema ni kwa sababu ya miguu ile na uvimbe, wengine walinong'ona kuhusu mwanamke aliyetumiwa kama kielelezo.

Lakini mwaka 1607 mchoraji kijana kutoka Flandria, Peter Paul Rubens, alimshauri bwana wake, Mtawala wa Mantua, ainunue. Iliponunuliwa, wachoraji wa Roma walishikilia ionyeshwe kabla haijasafirishwa, na ikawekwa wazi kwa juma zima. Watu wakaenda kuitazama. Baadaye ikapita mikononi mwa wafalme wa Uingereza na Ufaransa, na leo iko katika makumbusho ya Louvre, Paris.

Mitume katika picha ile wamesimama kimya, mmoja ameziba macho kwa ngumi. Mbele kabisa, karibu nasi, Maria Magdalena ameketi kwenye kiti kifupi, amejikunja hadi uso wake hauonekani, shingo tu ndiyo inayopokea mwanga. Miguuni pake kuna beseni la shaba. Kila aliyewahi kufiwa nyumbani anajua beseni lile ni la nini. Maji yameletwa, kazi ya kuosha haijaanza, na aliyepaswa kuianza hajaweza kuinua kichwa.